Kamera ileile niliyoiuza mara mbili

Nimekua nikisikia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku nilipoweka kitu changu cha kwanza kwenye mnada wa mtandaoni niliamini hivyo kabisa. Kilikuwa kamera ya filamu niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, Canon AE-1, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Nikapiga picha tatu, nikaandika "KAMERA YA CANNON NZURI SANA, INAFANYA KAZI, USIKOSE!" kisha nikakaa kusubiri dau lipande.

Yakaja madau mawili tu. Aliyeshinda aliichukua kwa bei ya kutupa, na baada ya wiki moja akairudisha. Sponji za mlango wa nyuma zilikuwa zinanata kama lami, na kila akifyatua, kamera inalia kama bawaba kavu. Sikumdanganya, sikujua. Lakini maneno yake ya mwisho hayakunitoka: "Ungeyataja haya mapema ningeinunua hivyohivyo, maana yanatengenezeka."

Nilirudisha fedha zake, nikaiweka kamera mezani, nikafungua ujumbe wote niliotumiwa wakati mnada unaendelea. Watu saba walikuwa wameniuliza maswali: je, ina betri? Lenzi ina kuvu? Kipimo cha mwanga kinasogea? Mkanda upo? Nilikuwa nimewajibu kwa haraka, mmoja mmoja, "ndiyo, ipo vizuri". Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maswali yale ndiyo yaliyokuwa maelezo niliyopaswa kuandika tangu mwanzo. Mtu dukani hukishika kitu, akakigeuza, akakitikisa, akakinusa. Kwenye mnada hana mikono wala pua, ana maneno yangu na picha zangu tu.

Kwa hiyo nikatafuta tochi, rula na betri mpya, nikaikagua kamera nusu saa nzima kana kwamba mimi ndiye mnunuzi. Nikaandika hivi:

"Nimeweka betri mpya ya volti 6, bila betri kamera hii haifyatui. Nimejaribu kasi zote, kuanzia sekunde 2 hadi 1/1000, na zote zinafyatua, ila sina chombo cha kupimia usahihi wake. Sindano ya kipimo cha mwanga inasogea. Lenzi nimeimulika kwa tochi: haina kuvu, ina vumbi kidogo ndani. Sponji za mlango wa nyuma zimeoza, zinahitaji kubadilishwa. Ikifyatuliwa inatoa mlio ule unaojulikana kwa kamera hizi, sikiliza kwenye video. Chini kuna mkwaruzo wa milimita 6, tazama picha ya 5. Mkanda upo, mfuko haupo. Sijaitia filamu tangu niipate."

Sentensi ile ya "sina chombo cha kupimia usahihi wake" niliiogopa, nikaifuta, nikairudisha. Leo naiona kuwa ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, kwa sababu anayesoma kwamba umekiri usichokijua huanza kuamini unayosema unayajua. Neno "haijajaribiwa" likiwa peke yake halina nguvu hiyo. Wanunuzi wazoefu hulisoma kama "mbovu", na hawakosei sana. Kama kitu kinaweza kujaribiwa kwa betri na dakika mbili tu, kijaribu.

Kichwa cha tangazo nacho nilikiandika upya. Kwenye eBay, mnada wa mtandaoni nilioutumia, una herufi 80 tu, na mimi nilizitumia kwa "nzuri sana" na "usikose", maneno ambayo hakuna anayeyaandika anapotafuta kamera. Kibaya zaidi, niliandika "Cannon" kwa n mbili mfululizo, na wengi waliotafuta Canon huenda hawakuliona tangazo langu kabisa. Wapo hata watu wanaowinda majina yaliyokosewa, kwa kuwa huko washindani ni wachache. Safari hii nikaweka: "Canon AE-1 kamera ya filamu 35mm, lenzi FD 50mm f/1.8, betri mpya". Basi.

Ilifika zaidi ya mara mbili ya bei ya kwanza. Kamera ni ileile, na sasa ina kasoro zilizoandikwa waziwazi.

Tangu hapo nimeuza vitu vingi vya marehemu kwa njia hiyo. Koti lake nililipima likiwa limelazwa mezani, kwapa hadi kwapa, bega hadi pindo, kwa sababu saizi ya lebo hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Historia ya kitu naitaja kwa sentensi moja, ile ninayoweza kuisimamia. Neno "adimu" situmii. Anayekusanya vitu hivyo anajua uadimu wake kunishinda. Na tangazo nalisoma mara ya mwisho kwenye simu kabla ya kulitoa, maana dau la kwanza likishawekwa, mara nyingi huwezi tena kufuta ulichoandika, unaruhusiwa kuongeza tu.

Juzi niliweka lenzi yake ya mwisho, yenye kuvu hadi katikati ya kioo. Zamani ningeitupa. Lakini kitu cha kwanza kuuzwa kwenye mnada uliokuja kuitwa eBay, mwaka 1995, kilikuwa kifaa cha leza kilichoharibika, na kilipata mtu kwa dola 14.83 ilhali ubovu wake ulikuwa umetajwa. Neno "kuvu" nikaliweka kwenye kichwa chenyewe. Fundi mmoja akauliza swali moja tu: je, pete ya kubadilishia tundu la mwanga inazunguka bila kukwama? Nikaizungusha mara kumi, nikamjibu kwamba inazunguka, kisha nikaiongeza sentensi hiyo kwenye maelezo ili atakayefuata asihitaji kuuliza.