Mkataba Unaisha Juni, na Mimi Nakwenda Zangu

Uongozi wa shule umeshaniuliza zaidi ya mara moja kama nina uhakika. Ninao. Kila mwaka tunapewa karatasi ya kujaza, unabaki au unaondoka, na kila mwaka nilitia tiki kwenye kubaki kwa sababu kulikuwa na ada ya mdogo wangu, au paa la nyumba ya mama, au mchango wa harusi ya fulani. Sasa mdogo wangu amemaliza chuo na paa limeshaezekwa. Harusi haziishi, hizo tuziache.

Nafundisha hisabati darasa la sita katika shule ya binafsi hapa Maskati. Kwetu ni Tanga. Ukiwaambia watu wa nyumbani kwamba uko Omani, hawakuulizi unafundisha somo gani, wanakuuliza, "Bosi wako mwema?" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawajibu kwamba mabosi wangu wako 28, wana miaka kumi na mmoja, na kazi za nyumbani hawafanyi.

Maisha ya hapa si mabaya, nisiseme uongo. Mji ni salama, Ijumaa na Jumamosi unalala, jioni barabarani moshi wa mishikaki unakuita. Joto ndilo ambalo sitalililia. Ikifika Juni, tangi lililo juu ya paa linachemka kutwa nzima, na bomba la maji baridi linakutolea maji ya kunyonyolea kuku. Wakaazi tunajua dawa yake: unazima hita, maji ya mle ndani yanapoa, halafu unaoga kwa bomba la maji moto. Mgeni wangu lazima apewe semina kabla ya kuingia bafuni.

Wanaonifanya nisite kidogo ni wazee. Mji huu una Waomani wengi wenye asili ya Unguja, familia zilizotoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuja huku hasa Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita warudi. Kwenye kikao cha wazazi muhula huu alikuja bibi wa mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu alikuwa kazini. Nikaanza kwa Kiingereza, nikachanganya na Kiarabu changu cha sokoni. Akanikatiza.

"Wewe mtoto, watoka wapi?"

"Tanga. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Basi sema tusikilizane."

Matokeo ya mjukuu hata hakuyatazama. Alitaka habari za Darajani, nani anauza nini siku hizi, na nilipomwambia kwamba mimi Unguja huwa napita tu, hakujali, akaendelea kuuliza. Akanihadithia walivyofika na kuikuta nchi iliyokuwa na shule tatu tu hadi 1970, zote za wavulana, kwa hiyo waliosoma Unguja wakahitajika kila mahali. Yeye alipewa darasa la kwanza, akalishika mpaka akastaafu. Nilipomwambia naondoka alinuna kweli kweli. "Sasa nani atanisomeshea huyu?" Huyu mwenyewe alikuwa anacheza na simu chini ya meza. Nikasema inshallah atapatikana mwingine, na Mungu amsaidie huyo mwingine.

Tuje kwenye pesa, maana najua wapo wanaosoma wakiisubiri sehemu hii tu. Sheria mpya ya kazi ya 2023 inampa mgeni anayemaliza kazi kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya. Chini ya ile ya zamani, miaka mitatu ya mwanzo ilihesabiwa nusu mwezi. Ya kukodolea macho hapo ni "wa msingi". Mkataba wangu una msingi mdogo, halafu posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya sijui nini. Ukijumlisha unaona riyali zinapendeza, lakini kiinua mgongo hakizijui posho. Kama una mkataba mezani na hujasaini, achana na ile jumla ya chini, bishania mstari wa juu. Na siku ya kuondoka hakikisha benki imekupa barua kwamba hudaiwi.

Kilichonichosha si kufundisha. Ni kuishi kama abiria aliyekaa kituoni na begi mapajani. Ukaazi wako unatokana na kazi, kazi inatokana na mkataba, kwa hiyo kila ukitamani kitu kizito unajiuliza nani atakibeba. Vitabu vyangu viko kwenye maboksi ya maji ya kunywa miaka yote hii. Nataka meza ya mninga, meza ya kushikwa na vijana wanne na bado wagombane mlangoni. Nitaiweka barazani kwa mama, Chumbageni, na alasiri watoto wa tuisheni wakae pale tupambane na sehemu na desimali, katikati kukiwa na kapu la machungwa ya Muheza.

Kwa mlioko huku: friji na kitanda vimeshapata watu. Mashine ya kufulia bado ipo, niliirithi kwa mwalimu wa Kihindi aliyeondoka. Riyali 25. Inafua vizuri, ila ikianza kukamua inatembea mpaka mlangoni. Niko Al Khuwair, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Njoo na mwenzako.