Yon, Mu na Tatu wetu

Saa sita ya usiku imepita na taa ya sebuleni bado inawaka. Nimemaliza kusoma kwa mara ya tatu kitabu nilichoazimwa kwa wiki mbili. Sasa mwezi wa pili unakatika na mwenyewe ameshaanza kukiulizia. Nitakirudisha. Lakini kabla hakijatoka mikononi mwangu nataka niandike kilichonipata, maana ni zamani sijasoma kitu kilichoingia ndani ya nyumba yangu namna hii.

Mchoraji ni Junji Ito, Mjapani. Wapenzi wa hadithi za picha za kutisha wanamfahamu. Mimi nilimjua kwa Uzumaki, kazi yake ya mwaka 1998 na 1999. Kuna mji mdogo wa pwani, Kurouzu, ambao umelaaniwa na umbo moja tu, lile la nyumba ya konokono linalojizungusha likienda ndani. Baba mmoja analipenda umbo hilo mpaka anakutwa amekufa, mwili mzima umejipinda ndani ya pipa la mbao. Wanafunzi wanageuka konokono. Nilisoma yale nikiwa kijana, na mpaka leo konokono akiwa ukutani baada ya mvua, mimi hupita upande wa pili wa njia.

Kwa hiyo rafiki yangu aliponiambia kwamba mtu huyo huyo amechora kitabu cha kuchekesha kuhusu paka wake, nilidhani ananitania. Alikitoa mkobani, nikakiona. Jina lake la Kijapani lina maneno mawili, neko nikki, yaani shajara ya paka, na paka wenyewe wanaitwa Yon na Mu. Kilitoka Japani mwaka 2009. Nakala hii ni ya Kiingereza, ya mwaka 2015, na bado inafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi niliyekulia chuoni na msahafu mapajani, upande huo haukunipa tabu hata kidogo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Bwana anayeitwa J, ambaye ni mchoraji mwenyewe, amepata nyumba mpya. Mchumba wake, A-ko, anahamia na anataka kuleta paka. J ni mtu wa mbwa. Anazitazama kuta zake mpya na kuyafikiria makucha. Kisha anakuja Yon kutoka kwa wazazi wa A-ko, mweupe, mwenye mabaka meusi mgongoni ambayo J akiyatazama anaona fuvu la kichwa cha mtu. Na uso wake, anasema J, ni uso wa laana. Baadaye anafuata Mu, mtoto wa paka wa aina ya misitu ya Norway, mwenye manyoya tele.

Yon kwa Kijapani ni nne. Nilipolijua hilo nilikifunga kitabu kwanza, nikamtazama paka wetu aliyekuwa amelala juu ya kapu la nguo. Mke wangu alipohamia kwangu Chumbageni, hapa Tanga, alikuja na mabegi matatu na paka mmoja, na paka huyo anaitwa Tatu, kwa sababu ni wa tatu kufugwa nyumbani kwa mama mkwe kule Ngamiani. Pwani kwetu Mosi, Pili na Tatu ni majina ya watu, tena ya mabibi zetu, na mama mkwe hakuona sababu ya kumpa paka jina la kihuni.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma taratibu, kama mtu anayesoma barua yake.

Ito hakubadilisha mkono. Ni kalamu ile ile ya Uzumaki, mistari myembamba iliyosongamana mpaka giza linakuwa na uzito, macho yaliyotumbuka, mishipa ya shingo, jasho. Paka akipiga miayo, ukurasa mzima unakuwa mdomo na meno. J akichekelea kwa furaha ya kumbembeleza Yon, anachekelea kama muuaji. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka chumbani kuniuliza kulikoni. Baada ya kicheko nikarudi kwenye ile picha ya miayo na kuitazama vizuri, nikaona kwamba hakuna uongo ndani yake. Paka hupiga miayo hivyo hivyo. Sisi ndio hatutazami kwa muda wa kutosha.

Mtu huyu alizaliwa mkoa wa Gifu mwaka 1963. Dada zake wakubwa walikuwa wakisoma hadithi za kutisha za Kazuo Umezu, na mdogo mtu naye akazisoma. Kabla kazi ya kuchora haijamlisha alikuwa fundi wa meno bandia. Mwaka 1987 aliipeleka Tomie, kazi yake ya kwanza, kwenye tuzo iliyobeba jina la Umezu huyo huyo, ikatajwa kwa heshima, na mlango ukafunguka. Mimi sikuona ajabu kwamba alianzia kwenye meno. Fundi wa meno hana ruhusa ya kukisia. Taya ni la mtu fulani, na jino lisipokaa, mwenye taya atajua. Katika shajara hii mkia wa Mu unachorwa kwa uangalifu huo huo, na hata unyayo wa Yon. Nadhani zamani nilikosea kuamini kwamba wanaochora vitisho wana kiu ya kutisha. Huyu ana kiu ya kutazama. Akimtazama konokono hadi mwisho, tunaogopa. Akimtazama paka hadi mwisho, tunampenda.

Kilichonishika zaidi ni wivu. J aliyeingia kwenye kisa hiki akiwaza kuta zake, baada ya kurasa chache anataka kitu kimoja tu, Yon na Mu waje kwake. Hawaji. Wanakwenda kwa A-ko. J anachukua kichezeo, anakitikisa kwa nguvu zote, anaruka, anajibiringisha, na paka anamwangalia kidogo kisha anageuka. Mtu mzima amejichora mwenyewe akililia penzi la kiumbe asiyefika hata magotini kwake, na amelichora bila kujificha. Heshima yangu kwake imezidi kwa sababu ya kurasa hizo.

Miezi ya kwanza Tatu alikuwa akinipita kama kiti. Mke wangu akikaa, yuko mapajani. Mimi nikikaa, anashuka. Niliwahi kununua dagaa wabichi sokoni kwa ajili yake peke yake, nikawachemsha, nikawatoa miiba. Alikula, akajifuta uso, akaenda kulala kwenye khanga ya mke wangu. "Muache, mume wangu," aliniambia, "atakuja mwenyewe." Maneno hayo yaliniuma kuliko alivyojua. Ni maneno anayoambiwa mgeni, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Kisha akapotea. Katika kitabu Yon naye anatoka nje, na zile kurasa nilizisoma haraka, sikutaka kukaa nazo. Tatu alitoka jioni moja mlango ulipobaki wazi. Usiku wa kwanza nilijiambia paka ndivyo walivyo. Usiku wa pili nilizunguka vichochoro na tochi ya simu, nikiita jina la bibi wa watu mpaka mlinzi wa jirani akaja kuniuliza nani amepotea. Nilichungulia mitaro. Nilifunua maturubai. Kila kitu cheupe gizani kilinifanya nisimame, na mara mbili ilikuwa ni mfuko wa plastiki. Nimesoma Uzumaki yote, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuuinua mfuko ule wa pili.

Siku ya nne mama mkwe alipiga simu. Tatu alikuwa Ngamiani, amelala juu ya jiwe la kisima kama aliyetoka hapo asubuhi. Alitembea mwenyewe, akavuka barabara zote zile. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na yeye nyumba aliyoijua ilikuwa moja tu. Nilikwenda kumchukua kwa bajaji. Mama mkwe alinikabidhi bila maneno mengi: "Mwanangu, huyu mpe siku." Njia nzima alinipiga kucha kupitia kitambaa, na mimi sikumwachia. Tangu siku ile sijui nani alibadilika. Ninachojua ni kwamba alfajiri nikiamka kutawadha hunifuata mpaka bombani, hukaa hatua mbili kutoka nilipo, na hungoja nimalize.

Ndani ya kitabu kuna picha za kamera za paka wenyewe. Nilizikodolea macho zile za Yon nikiutafuta ule uso wa laana. Hakuna laana. Ni paka mweupe mwenye mabaka.

Jambo moja lilinisumbua tangu mara ya kwanza. A-ko amechorwa bila mboni. Macho yake ni meupe matupu, ukurasa baada ya ukurasa, hata akicheka, hata akimbeba Mu. J ana mboni, paka wana mboni, yeye hana. Nilidhani ni mazoea ya mchora vitisho ambayo hakuweza kuyaacha hata kwa mkewe. Leo jioni nilimwonyesha mke wangu, nikamuuliza anaonaje. Alikishika kitabu kwa mkono mmoja, Tatu akiwa kwenye mkono wa pili, akakitazama muda.

"Mboni zake si hao hapo," akasema, akaweka kidole juu ya Yon na Mu.

Kisha akakaa chini, akakifungua upande wa kulia, akaanza mwanzo.