Siku moja maishani mwangu: fundi wa mashine za boti, Kilindoni

Saa 12 asubuhi. Mbalamwezi, inayozuia uvuvi wa taa, imekwisha. Boti za dagaa mchele zilizolala hapa Kilindoni, Mafia, zaidi ya wiki nzima zinataka kutoka leo magharibi, na mashine tatu zimeshafungwa kwenye gogo chini ya mkungu. Zote ni tu-stroki za zamani (zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili), na malalamiko ni yaleyale: kuwaka kwa taabu, silensa, yaani mwendo wa taratibu bila kuvuta mafuta, haikai. Kila baada ya mwezi mkubwa huwa hivi. Petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka, oili hubaki nyuma nzito kama asali, na tundu linaloziba kwanza ni lile dogo kuliko yote, la jeti ya silensa, kijibomba kinachopitisha petroli ya mwendo huo wa taratibu. Ndiyo maana simruhusu mtu aguse skrubu ya silensa kabla mengine hayajakaguliwa. Skrubu haijizungushi mashine ikiwa imelala.

Saa 1. Maswali kwanza, spana baadaye. "Nahodha, inazima ukirudisha choki au ukiingiza gia?" Inayowaka kwa choki tu, ikirudishwa inazima, inakosa petroli. Inayokwenda dakika chache kisha ikafa, balbu ya mpira (pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta) ikiwa imenywea, mara nyingi ni kiskrubu cha pumzi kwenye kifuniko cha tangi hakikufunguliwa. Naangalia pia kama kamba ya usalama imechomekwa na kama mshale wa balbu unaelekea kwenye mashine. Balbu isipokuwa ngumu hata ukiibonyeza sana, mpira unavuta hewa, kwa kawaida kwenye oringi (pete ya mpira) ya kiungio, au floti (kielea cha kabureta) imekwama na petroli inamwagika ndani ya kabureta.

Kisha namimina petroli ya kila tangi kwenye chupa nyeupe ya plastiki na kuiacha dakika 10. Maji hujikusanya chini kama shanga. Tangi la pili limetoa maji na kutu. Hilo tunalimwaga lote; kuchuja kwa kitambaa hakuondoi maji.

Saa 2. Moto wa plagi. Natoa plagi zote mbili, nazirudisha kwenye kofia zake, nazigusisha kwenye chuma cha mashine mbali na matundu ya silinda (mvuke wa petroli unaotoka pale hulipuka), kisha navuta kamba. Moto wa bluu unaolia "tak" ni mzima. Mashine ya kwanza haina moto kabisa upande wowote. Kabla ya kuilaumu CDI, kifaa cha umeme kinachotoa moto wa plagi, ambacho ni ghali, nachomoa waya wa swichi ya kuzimia. Kwenye Yamaha za zamani ni mweupe. Moto umerudi. Swichi imeingiwa na chumvi, inazima mashine muda wote.

Moto ukikosekana upande mmoja, badilisha plagi pande. Ubovu ukihama, plagi imekufa. Ukibaki palepale, fungua kofia, kata kipande kidogo cha waya kilichoota ukijani, ifunge upya. Na plagi ya NGK yenye -10 mwishoni mwa jina ina nafasi ya milimita 1.0 kati ya ncha zake, wengi huibana kwa kukisia kisha wanashangaa inamisi, yaani inakosakosa moto.

Saa 4. Kabureta ya mashine ya pili, ile inayozima choki ikirudishwa. Kwanza naizungusha skrubu ya silensa kuingia ndani polepole huku nikihesabu mpaka iguse, bila kukaza. Nimepata mzunguko mmoja na robo. Naandika kwa chaki kwenye kifuniko. Baada ya hapo ndipo natoa bakuli la chini la kabureta. Chini kuna utando wa kahawia unaonata kidoleni. Jeti ya silensa ukiielekeza juani haipitishi hata chembe ya mwanga. Naizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Msitumie waya wa chuma wala sindano, tafadhali: tundu likishapanuka, mashine itakunywa petroli na kutoa moshi siku zote, na dawa yake ni jeti mpya tu. Jeti iko safi pale unapoona duara kamili la mwanga. Vitundu vidogo karibu na kipepeo cha kabureta navyo vipulizwe kwa upepo, maana kuosha jeti na kuviacha hivyo ni kazi nusu.

Saa 6 mchana. Mashine ya tatu inawaka kwenye pipa la maji, kisha inafifia. Kijana anabonyeza balbu kwa mkono, inafufuka. Akiacha, inakufa. Hapo sitafuti zaidi: ni diaframu (utando laini) ya pampu ya mafuta. Tumeifungua, ina ufa mwembamba unaoonekana ukiikunjua tu. Kama ingetema petroli mdomoni mwa kabureta, ningeangalia ridi (vibamba vyembamba vinavyozuia mchanganyiko kurudi nyuma) zilizovunjika kona.

Pipa lijae mpaka maji yapite bapa lililo juu ya panga. Bila maji, impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji) huungua upesi mno.

Saa 9. Kuchanganya petroli mpya. Kwa 50:1, lita 20 zinataka mililita 400 za oili ya tu-stroki ya boti, kwa kipimo, si kwa jicho. Oili ikizidi huchafua plagi, na pia inachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkavu.

Saa 11 jioni. Maji yamefika kwenye boti. Silensa hurekebishwa hapa, mashine ikiwa ya moto, gia imeingia, kwa robo mzunguko kila mara. Ikikohoa ukivuta mafuta ghafla, inataka petroli zaidi. Ikijaa moshi na kuzama sauti, imezidi. Kwenye kabureta nyingi za aina hii kutoa skrubu nje huongeza petroli, ila kwa zile zenye skrubu ya hewa ni kinyume. Ya pili imetulia kwenye mzunguko mmoja na nusu.

Kila nahodha naye anaonyeshwa jambo moja kabla ya kuondoka: ukirudi na hutoki kesho, chomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa bado inanguruma majini, iache imalize petroli ya kabureta mpaka izime yenyewe.