Siku moja maishani mwangu: nachora pikipiki za wazee wa Mbeya

Duka langu liko karibu na Kabwe, Mbeya mjini. Wengi wanaopita mlangoni wanadhani kazi yangu ni kuandika majina kwenye tisheti za kipaimara na sare za misiba. Hizo nafanya, na ndizo zinazolipa kodi ya pango. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya klabu moja ya wenye pikipiki za zamani: tisheti, kapelo, beji za kushona kwenye jaketi, stika za tangi. Wateja hawa wanaitambua injini kwa mlio tu, na mchoro ukikosea kitu kidogo wanakiona kabla hawajavuka barabara. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi. Jumamosi alfajiri walikuwa wanaondoka kwenda Matema.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya chai, naangalia fremu nilizopaka emalshoni usiku. Dawa hii inapakwa gizani kwenye wavu wa skrini, ule ambao wino unapita kwenda kwenye tisheti, na lazima ikauke kabisa. Kwa baridi ya Juni ya huku kwetu haikauki haraka, kwa hiyo nafungia fremu kabatini na feni usiku kucha. Nikigusa pembeni na kidole kikanata, siku imeshaharibika. Zilikuwa zimekauka.

Saa mbili nikafuata mzigo stendi, tisheti 45 kutoka Kariakoo, nikakagua mishono ya mabega na kurudi dukani. Nilikuwa nimechagua pamba nyepesi ya gramu 160 kwa sababu ya njia yenyewe. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Uyole hadi Kiwira wanapita kwenye baridi ya kutetemesha, halafu baada ya Tukuyu wanaanza kushuka, wanakatia Ipinda, na ufukweni mwa Ziwa Nyasa wako chini ya mita 500, joto tupu. Juu watavaa jaketi, chini watabaki na tisheti.

Saa tatu nikakaa kwenye beji. Hapa ndipo watu hawaelewi kabisa. Gurudumu la pikipiki ya Honda CG125 lina spoku 36. Kwenye beji ya sentimita tisa, gurudumu linabaki na upana wa sentimita mbili na nusu hivi, na uzi wa mashine ya kudarizi una unene wa karibu milimita 0.4. Ukishona spoku zote 36, zinarundikana kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, panakuwa na donge gumu na sindano inavunjika. Mwenyekiti wa klabu alikataa kuamini mpaka nikamshonea kipande akakishika mwenyewe. Tukakubaliana spoku 12. Alikigeuza kile kipande mkononi mara nyingi, akisugua donge kwa dole gumba, kisha akasema, "Basi dada, uzi nao una sheria zake."

Mwenye BSA mmoja, pikipiki ya Waingereza, alitaka beji yake iwe na zile bunduki tatu zilizoegemeana, alama ya kiwanda chao cha Birmingham. Nilimkatalia kwa heshima, kama ninavyowakatalia wanaotaka bawa la Honda. Alama ya kampuni ina mwenyewe, na Tume ya Ushindani haina utani na bidhaa bandia. Nachora pikipiki yenyewe, na mtu anayezijua hahitaji kusomewa jina.

Saa nne kasorobo akaingia katibu.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba, binti. Vipi, tumemaliza?"

Nikamfungulia mchoro wa mgongoni: CG125 ikiangalia kushoto, Mlima Rungwe nyuma yake, jina la klabu chini. Mwenyekiti alikuwa ameshaupitisha. Katibu akautazama muda mrefu, kisha akasema anataka ziwa liongezwe upande wa kulia na neno Matema juu yake. Nikasema sawa, inawezekana. Akasema basi na pikipiki igeuke, maana hii inalipa ziwa mgongo, inarudi Mbeya.

"Ziwa si tuliweke kushoto, katibu?"

"Hapana. Watu wanasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mbeya kushoto, Matema kulia. Wewe igeuze tu. Mwanangu ananionyeshaga kwenye simu, unabonyeza inageuka."

Na kweli inageuka, kwa kubonyeza mara moja. Tatizo ni kwamba pikipiki haifanani pande zote mbili. CG125 ina cheni upande wa kushoto, imefunikwa na kava lake lote, na gia iko kushoto. Kiki, ekzosi na pedeli ya breki viko kulia. Ukigeuza picha kama inavyojitazama kwenye kioo, unapata Honda yenye cheni kulia na kiki kushoto, pikipiki ambayo haijawahi kutengenezwa. Nikamweleza hivyo, kidole kikiwa kwenye skrini ya kompyuta.

"Nani atatazama hayo?"

"Watakaoivaa, katibu."

Hakupenda. Akapiga simu kwa mwanachama mwenzake, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Yule mzee akasikiliza kidogo tu, akasema mbona gia kulia ni sahihi kabisa, yeye anaendesha BSA M20 na gia yake iko kulia tangu enzi za vita! Katibu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Ikabidi nianze upya. Ni kweli, mashine za Waingereza zilikuwa na gia kulia na breki kushoto, mpaka katikati ya miaka ya 1970 sheria ya Marekani ilipotaka gia iwe kushoto na viwanda vikafuata. Lakini hata hiyo M20 cheni yake iko kushoto. Na hapa tunachora Honda, iliyozaliwa na gia kushoto. Mzee wa BSA akasema, "Hapo binti anasema kweli," kisha akaanza kumweleza katibu namna ya kuwasha M20 asubuhi ya baridi. Ilichukua muda. Katibu akapiga simu nyingine, na nyingine tena. Mwenyekiti hapatikani. Wateja wawili wa stika wakaingia, wakasubiri, wakaondoka. Saa tano na nusu umeme ukakatika tukiwa bado tumesimama palepale.

Nikasema, "Katibu, niachie. Nitachora upande wa kulia."

"Ila fungu la kuchora tena hatuna. Mchoro si ni uleule?"

"Huu ni upande mwingine wa pikipiki, katibu."

"Tutaongea," akasema, akatoka.

Neno hilo nalisikia kila wiki. Watu wanalipia kitambaa, wanalipia wino, hata mfuko wa kubebea wanalipia. Mchoro wanauona kama salamu, kitu cha bure. Kumbe saa nyingi za kazi hii zimo humo.

Laptopu ilikuwa na chaji ya kutosha. Nikavuka hadi kijiwe cha bodaboda, nikamwomba kijana mmoja aniache nichuchumae upande wa kulia wa pikipiki yake. Injini nyingi za hizi boda za Kichina ni wajukuu wa CG. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na oili inasahauliwa kubadilishwa, wakaweka kamshafti chini na vijiti vya kusukuma vali, muundo mwepesi kwa fundi yeyote. Nikaangalia kiki inavyokaa, kava la klachi linavyopinda, bomba la ekzosi linavyoshuka kutoka kwenye silinda. Kijana akaniuliza kama nataka kuinunua. Hata hivyo kava za siku hizi zina sura nyingine, kwa hiyo nikampigia mjukuu wa mwenyekiti, akanitumia picha za pikipiki ya babu yake kwa WhatsApp, ile aliyoinunua mnadani alipokuwa bwana shamba Rungwe.

Nikachora. Mama wa mgahawani alileta ndizi na nyama, nikazila zimepoa. Mapezi ya silinda, vile vibamba vya kupooza injini, ndiyo yanayochosha macho. Yawe membamba kiasi cha kuonekana mapezi, lakini mistari ikizidi wembamba wavu hauishiki, na kwenye tisheti inatokea weusi mtupu. Kiki peke yake nimeifuta na kuirudia nisijue mara ngapi, kwa sababu mkunjo wake ukikosea mguu hauwezi kuikanyaga, na hawa wazee wameikanyaga maisha yao yote.

Umeme haukurudi. Mdogo wangu ninayemfundisha kazi akapanda bajaji hadi steshenari moja Uhindini yenye jenereta, akaprinti mchoro kwenye filamu, yaani plastiki angavu, rangi mbili, filamu mbili. Aliporudi jua lilishaanza kuinama. Taa yangu ya kuchomea skrini haina maana bila umeme, tukatumia jua: kitambaa cheusi chini, fremu, filamu, kioo juu. Emalshoni inayopigwa na mwanga inakakamaa, iliyofichwa na wino mweusi inabaki laini. Mdogo wangu akauliza, "Dada, linatosha?" nami nikamwambia ahesabu tena hadi thelathini. Kisha maji. Maji ya Mbeya mwezi wa sita yanauma mpaka kwenye mifupa. Nikamwagia taratibu, na pole pole likafunguka tangi, kisha taa, kisha mapezi moja moja, na mwisho ile kiki, upande wa kulia, ikiwa na mkunjo wake.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Kuchapa nisingeweza, kwa sababu wino wa plastisoli unahitaji joto la nyuzi 160 hivi ndipo ushike, na bila mashine ya joto ungebanduka mara ya kwanza tisheti inapofuliwa. Mdogo wangu alipendekeza pasi ya mkaa. Nikakataa. Sitaki kuona mchoro wangu umepasuka Matema. Tukakaa. Giza likaingia, umeme ukarudi, tukaanza: mmoja anaweka tisheti na kushusha fremu, mwingine anavuta skwiji, mpira wa kusukumia wino. Rangi ya krimu kwanza, nyeusi juu yake. Kuoanisha rangi mbili ukiwa na usingizi ni kazi ya roho, maana fremu ikisogea milimita moja tu gurudumu linakuwa na kivuli. Mikono ikaanza kufa ganzi kabla hatujafika nusu.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe, amechelewa, jaketi limefungwa mpaka shingoni. Akachukua tisheti iliyokuwa bado na joto, akaisogeza kwenye taa. Akaanza na ekzosi. Akashuka kwenye kava la klachi. Akafika kwenye kiki, akaweka kidole.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako, mzee. Mjukuu wako alinitumia picha."

Nikamwandikia risiti. Tisheti 45, beji, na mstari wa tatu peke yake: kuchora upande wa kulia, shilingi 40,000. Akausoma huo mstari mara mbili.

"Katibu anajua?"

"Alisema tutaongea."

Akatoa pochi, akahesabu noti za elfu kumi, nne, akaziweka juu ya meza kando na zile nyingine. Akaniuliza kapelo zitakuwa tayari saa ngapi Ijumaa. Nikamwambia saa kumi jioni, umeme ukikubali.