Mstari Uliorukwa

Kwetu Mwanga, Kigoma, Krismasi ilikuwa haijaingia mpaka baba atoe kaseti ya Boney M. kabatini na kuweka “Mary's Boy Child”, wimbo walioutoa mwaka 1978. Kiingereza watoto hatukukijua. Tuliufuata kwa sauti tu, kila mmoja na maneno yake, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Mwaka 1995 nyumba ilifurika. Shangazi wa Tabora alishuka kwenye treni na dumu la asali, watoto watano na kuku wawili. Mjomba akaja na kiroba cha chumvi ya Uvinza. Vyumba vilikuwa vitatu, kwa hiyo sisi wadogo tulilala mkekani, mzungu wa nne.

Siku ya sikukuu mvua ikapiga bati hata hatusikilizani. Jikoni migebuka inakaangwa kwa mawese, moshi umejaa hadi sebuleni, kitoto kinalia, kuku mmoja kakata kamba anakimbizwa chini ya viti, na baba anaongeza sauti ya redio ili ishindane na mvua. Mara wimbo ukawa mzito, ukanguruma, ukanyamaza. Redio imekula mkanda!

Hata jikoni waliacha kukaanga. Baba mdogo akapiga magoti, akauvuta mkanda kwa ncha za vidole, taratibu, umejikunjakunja kama utumbo wa kuku. Palipoharibika akapakata kwa wembe. Dada yangu akaleta rangi yake ya kucha, nyekundu, akadondosha tone moja kwenye maungio, tukalipulizia sote, vichwa vimegusana, mpaka likakauka. Kisha baba mdogo akachomeka kalamu kwenye tundu la kaseti, akazungusha.

Wimbo ukarudi. Ila ulipofika kwenye lile kovu jekundu, uliruka mstari mzima. Shangazi, amesimama mlangoni na mwiko wake unaochuruzika mawese, akaruka nao bila kusita. Nyumba nzima tukamfuata.

Tangu hapo ndivyo tulivyouimba, kila mwaka. Baba hayupo tena, na kaseti sijui iliishia wapi. Siku hizi wimbo unatoka kwenye simu ya mpwa wangu, mzima kabisa. Krismasi iliyopita ulipofika pale, mama akaruka. Nami nikaruka. Tukaangaliana, tukaendelea kuimba, simu iko nyuma yetu mstari mmoja.