Boksi la TV lililowekwa kabatini sasa ni kompyuta ya karakana ya nakshi: kumbukumbu ya mradi wangu, Lamu

Boksi lenyewe

Ni yale maboksi meusi ya Android, ukubwa wa kiganja, yaliyokuwa yakinunuliwa sana kabla televisheni zenye intaneti ndani hazijashuka bei. Hili lilikuwa la dada yangu, Langoni. Remoti ilipotea, programu za kutazamia video zikaacha kufunguka moja baada ya nyingine, mwisho likapandishwa juu ya kabati pamoja na chaja zisizo na simu.

Ukiuliza, utaambiwa limekufa. Mimi naona uhai wake wote umo. Ndani lina Android 6, toleo la mwaka 2015, na mtengenezaji hakuleta jingine tena. Hata tovuti za kawaida zilikuwa zikilikataa. Sababu yake ni vyeti vya usalama: Let's Encrypt, shirika linalozipa tovuti nyingi mno vyeti bila malipo, hutegemea cheti mama ambacho Android za kabla ya 7.1.1 hazikijui. Kulikuwa na njia ya pembeni iliyowabeba wenye vifaa vya zamani, nayo ikafungwa mwaka 2024. Basi prosesa nzima, memori nzima, HDMI nzima, vyote vimewekwa kando kwa ajili ya programu iliyozeeka. Jambo hilo linaniuma kila nikipita penye mapipa ya taka za vifaa vya umeme.

Na kazi ya kulipatia boksi hili ipo. Ami yangu ni fundi wa nakshi, Mkomani. Michoro yake ya milango, vizingiti na masanduku iko kwenye karatasi za mifuko ya saruji, imekunjwa, unyevu wa bahari umeshaanza kuila pembeni. Kila mlango una upana wake, kwa hiyo kila kazi mpya ni kuchora upya. Anahitaji kompyuta ya mezani, na karakana ina paneli ya sola, betri ya volti 12 na TV ya inchi 19 inayotumia volti hizo hizo.

Kulifungua

Parafujo hazionekani kwa nje. Ziko chini ya vile vipira vya miguu; ukivibandua kwa ukucha unazikuta, na bisbisi ndogo ya nyota yatosha. Juu ya prosesa kuna kipande cha alumini kilichogandishwa. Nilikipasha kwa draya ya nywele, kikaachia taratibu, na maandishi yakasomeka: Amlogic S905X.

Hapo nikatulia, kwa maana kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux ninaotaka kuuweka, inaifahamu chipu hii vizuri. Ina kora nne za Cortex-A53 za biti 64, na michoro inashughulikiwa na Mali-450. Kasha lilitangaza GHz 2, chipu yenyewe huishia 1.5. RAM ni GB 2 na hifadhi ya ndani, ile inayoitwa eMMC, ni GB 16. Nakushauri usome chipu kwa macho yako kabla ya kupakua chochote. Maboksi mawili yenye jina moja na kasha moja huweza kuwa na bodi mbili tofauti, na ukifuata jina la nje bando lako linakwenda bure.

Matundu ya USB yalikuwa na kutu nyeupe, chumvi ya huku kwetu. Spiriti ya kusafishia na mswaki wa zamani vilimaliza kazi hiyo.

Kuliwasha kwa mfumo mwingine

Nilichagua Armbian, ambayo ni Debian (aina mojawapo ya Linux) iliyotayarishwa kwa bodi ndogo zenye prosesa za ARM, katika toleo la maboksi ya Amlogic linaloitwa aml-s9xx-box. Faili unaliandika kwenye kadi ya microSD kama unavyoandika mfumo wowote. Baada ya hapo ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kompyuta ya Intel ikiwaka huiambia Linux ina vifaa gani. Bodi ya ARM ya namna hii haisemi kitu. Lazima Linux ipewe faili la maelezo, lenye mwisho wa .dtb, linaloeleza pini gani ni ya nini, kadi imeunganishwa wapi, HDMI iko anwani gani. Ukiipa faili la bodi nyingine, skrini inabaki giza, na giza hilo halikwambii kosa liko wapi. Kwenye kadi kuna folda ya extlinux, ndani yake extlinux.conf, na mstari unaotakiwa kwa bodi yangu ni huu:

FDT /dtb/amlogic/meson-gxl-s905x-p212.dtb

P212 ni bodi ya mfano iliyotolewa na Amlogic wenyewe kwa chipu hii, na viwanda vingi viliifuata kwa karibu. Nilijaribu na mafaili jirani katika folda ile ile ili nilinganishe: moja lilileta picha bila mtandao wa waya, jingine halikuleta kitu. Hatua ya pili ni kunakili faili la u-boot-s905x-s912 na kuipa nakala jina la u-boot.ext. Bila hiyo kerneli haipakiwi.

Kisha kuna kitufe. Hakimo kwenye kasha, kimo mwisho wa tundu la AV, lile la duara la waya wa sauti na picha. Nilitumia kijiti cha kuchokolea meno. Ukikisukuma pole pole unahisi kitu kinabonyea ndani, kitiki kidogo chini ya kidole. Shikilia hapo hapo, chomeka umeme kwa mkono wa pili, usiachie mpaka nembo ya boksi ije na ipotee. Kwa kufanya hivyo boksi linasoma faili la aml_autoscript kwenye kadi na kubadilisha mpangilio wake wa kuwaka: kuanzia siku hiyo litaitafuta kadi kwanza, kisha USB, na lisipopata kitu litarudi kwenye Android yake. Hufanywa mara moja tu.

Maandishi meupe yalipoanza kushuka kwenye skrini nyeusi, mpaka yakaniomba niweke nywila mpya, nilimpigia dada simu.

Joto, vumbi na umeme

Kipande cha alumini cha kiwandani hakikutosha kwa joto la pwani. Amri ya armbianmonitor -m inaonyesha nyuzi za prosesa kila baada ya muda mfupi, na kazi ikizidi ilikuwa ikipita 80. Nilichukua bati la kupozea la bodi ya kompyuta iliyoharibika, nikalikata kwa msumeno wa chuma, nikalikalisha juu ya chipu kwa krimu ya kupitisha joto. Sasa hukaa sitini na kitu hata saa nane mchana. Kifuniko cha juu sikukirudisha; badala yake nimetandaza kitambaa chepesi juu ya fremu, kwa sababu vumbi la mbambakofi ni jembamba na huingia kila mahali. Kitambaa hukung'utwa jioni pamoja na kufagia karakana.

Chaja yake ni ya volti 5, ampea 2, maana yake hata likijikaza halitakiwi kupita wati 10. Kigeuzi kidogo cha kushusha volti 12 kuwa 5 kimeliunganisha moja kwa moja na betri ya sola. Stima ikikatika, ami haachi kufanya kazi.

Waifai ya ndani niliiacha. Chipu yake ni SV6051P, na kerneli ya kawaida haina dreva yake, yaani programu ya kuiendesha. Simu iliyounganishwa kwa kebo ya USB inagawa intaneti vizuri, na karakana haihitaji zaidi.

Mezani

Mazingira ya mezani ni XFCE. Nimezima vivuli na madirisha ya kupenyeza mwanga, kwa kuwa Mali-450 inafanya kazi kwa dreva ya Lima, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux 5.2 mwaka 2019, na haifai kuibebesha mapambo. Firefox hufunguka kwa kujivuta kidogo na huenda vizuri kwa kurasa chache. Armbian hutumia zram, yaani hubana sehemu ya memori ndani ya RAM yenyewe, na hilo ndilo linaloziwezesha hizo GB 2 kupumua. Video ya 720p inacheza bila kukwama. Juu ya hapo sitegemei. LibreOffice Calc inabeba hesabu za mbao na malipo ya vijana. Lugha ya mfumo nimeiweka sw_KE, yaani Kiswahili cha Kenya, tarehe na majina ya siku yakaja kwa Kiswahili, na ami akaanza kulisoma jedwali lake bila kuniuliza.

Nakshi kwenye skrini

Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, ndiyo iliyonifanya nishughulike kote huku. Nilitandaza karatasi ya kwanza ya saruji sakafuni, nikaipiga picha kutoka juu, na kuigeuza kuwa mistari kwa ile amri ya kufuatisha picha. Mkunjo wa karatasi nao ukageuka kuwa mistari, na vituo, zile nukta zinazoshika mistari, vikawa maelfu, boksi likazidiwa. Dawa yake ni Ctrl+L, inayopunguza vituo bila kuharibu umbo, kisha kufuta kwa mkono yasiyotakiwa. Ua moja safi huwa jepesi sana.

Ami alikuja na kazi ya mlango mpana zaidi. Nikauvuta mchoro mzima wa kizingiti cha juu kwa pembeni ufikie kipimo.

"Mwanangu, ua limevimba," akasema. "Hilo halichongeki. Ua liache kama lilivyo, ongeza maua."

Ndivyo ilivyo. Nakshi ya ukingo ni ua au pingu ya mnyororo inayorudiwa, na upana hupatikana kwa idadi na nafasi, wala si kwa kunyoosha. Inkscape ina nakala zinazomfuata mama: unachora ua moja, unalirudia kwa mstari, na ukibadilisha jani moja kwa mama, yote hubadilika. Tulikaa na ami akisema "songeza, songeza, basi," mpaka maua yakagota pembe mbili bila kukatwa hata moja. Kwa kalamu na karatasi kazi hiyo ilikuwa ikimchukua asubuhi yote, na hapa alikuwa hajamaliza chai.

Kwa maandishi ya Kiarabu ya katikati ya kizingiti nilisakinisha fonti ya Amiri, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq, Kairo. Herufi zinaungana sawasawa na mistari inakwenda kulia kwenda kushoto bila matata. Ami aliitumia kupima nafasi tu. Herufi zenyewe aliziandika kwa kalamu ya mwanzi, nami nikapiga picha na kuziingiza. Nakubaliana naye kabisa. Mji huu ndio wa Muhamadi Kijuma, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga nakshi, na mlango wa Lamu unastahili mkono wa mtu.

Kuchapisha: mchoro wa zaidi ya mita hauingii kwenye karatasi ya A4, kwa hiyo nautoa kama PDF na kuukata kurasa kwa programu ya pdfposter. Flashi inakwenda saiba. Waambie wachapishe kwa asilimia 100, wasiiache mashine ikaze mchoro uenee karatasi, maana milimita chache kila ukurasa zikijumlishwa kizingiti hakikai. Kila ukurasa nimeuwekea mstari wa milimita 100, ami anaupima kwa rula pale pale kaunta kabla ya kulipa.

Kilichobaki

Boksi halina betri ya saa. Likizimwa, saa husimama. Programu ya fake-hwclock huikumbuka saa ya mwisho tu, hivyo bila intaneti Jumatatu huanzia pale Alhamisi ilipoishia. Hilo ni tatizo kwa tarehe za malipo, na tovuti nazo hukataa vyeti saa ikiwa nyuma. Kwa sasa ami huchomeka simu asubuhi na saa hujirekebisha. Nimeagiza moduli ya saa ya DS3231, ambayo ina betri yake ndogo na huzungumza na bodi kwa pini za I2C. Kwenye bodi hii pini hizo hazikutolewa nje, kwa hiyo itabidi nichomelee nyaya nyembamba, na kwanza nipate lenzi nzuri ya kuangalia.

Mfumo bado unaendeshwa kutoka kwenye kadi. Kadi huchakaa kwa kuandikwa kila siku, kwa hiyo nitauhamishia kwenye eMMC, baada ya kuinakili Android yote kwa amri ya dd kwenye diski ya nje, ili kama lolote likitokea boksi lirudi lilivyokuwa. Karatasi za saruji zilizokwisha kuingia ni za vizingiti peke yake. Masanduku yanafuata, na ami ameshazitoa zile zilizoliwa zaidi na kuziweka juu ya meza.