Siku moja maishani mwangu: nabadilisha masta silinda ya gari iliyotolewa ABS

Saa 12:40 asubuhi nishakaa ndani ya gari, injini imezimwa, mguu uko kwenye pedeli ya breki. Kisanduku cha spana sijakigusa. Nakanyaga taratibu mpaka inakaza, nasimamisha mguu hapohapo bila kuongeza nguvu, nahesabu, na nikifika ishirini pedeli imeshashuka upana wa vidole viwili na bado inaenda. Nakagua matairi yote manne kwa ndani, napapasa kila kiungo cha paipu, pakavu kabisa. Oili haimwagiki nje lakini pedeli inazama, maana yake inapita ndani ya masta silinda yenyewe, ile pampu inayosukuma oili ya breki ukikanyaga, raba zimechoka.

Saa 1 kamili mwenye gari anafika, dada mmoja, ananisalimia shikamoo fundi, naitikia marahaba mdogo wangu, hebu niambie gari inafanyaje hasa. Anasema pedeli laini ameivumilia siku nyingi, kilichomtisha ni mvua ya juzi, alikanyaga kwa nguvu, mbele kukasimama na mkia wa gari ukakimbilia pembeni. Namuuliza ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisikamate na kuburuza, ilitolewa lini, anasema kipindi kilekile pedeli ilipoanza kulainika. Alikuwa na fundi mwingine, boksi la ABS lilikufa, akaambiwa litolewe tu gari itatembea kama magari ya zamani.

Sasa hapa naomba niseme kidogo maana hili jambo linaniuma. Magari ya zamani ambayo hayakuwa na ABS hayakuachwa hivihivi. Ukikanyaga breki uzito wa gari unahamia mbele, nyuma panakuwa pepesi, kwa hiyo tairi za nyuma zinatakiwa zipate presha ndogo kuliko za mbele la sivyo zinakamata mwanzo, na tairi ya nyuma ikishakamata gari inazunguka. Ndo maana yalikuwa na valvu ya kugawa presha kwenye njia ya nyuma. Magari mengi yaliyokuja na ABS hayana hiyo valvu kwasababu kompyuta ya ABS ndo inafanya kazi ya kuizuia nyuma, kwa hiyo ukilitoa boksi umemtoa na mgawaji, na usipoweka mwingine nyuma inapokea presha yote. Huyu dada alichokutana nacho kwenye mvua ndo hicho.

Saa 2 nafungua boneti vizuri. Kama nilivyodhani, paipu mbili zinatoka kwenye masta, kila moja imeingia kwenye kiungo cha T, T moja inalisha mbele kulia na nyuma kushoto, nyingine mbele kushoto na nyuma kulia. Mpangilio wa msalaba, kwenye gari za kuvuta mbele ndo wa kawaida sana, upande mmoja ukipasuka unabaki na tairi moja ya mbele na moja ya nyuma. Valvu hakuna hata moja. Na kwa mpangilio huu huwezi kuweka valvu moja ukaunganisha nyuma zote mbili humo, utakuwa umeunganisha njia mbili zilizotakiwa zisijuane, ikivuja moja umepoteza zote, inatakiwa kila njia iwe na ya kwake.

Masta niliyoagiza ni ya modeli hiihii ila toleo lisilo na ABS. Ina matundu manne badala ya mawili, na matundu ya nyuma yanafungwa valvu za kugawa presha palepale kwenye masta. Kwa hiyo zile T zinaondoka zote.

Saa 3 natoa ya zamani. Navuta oili kwenye kikopo kwa bomba la sindano, natandika matambara na maji naweka karibu, oili ya breki inakula rangi ya gari ukizubaa kidogo tu. Nati za paipu ni namba 10 na zimeshika, sitaki kabisa spana ya kawaida hapa, natumia ile ringi iliyokatwa mdomo inayokamata nati pande zote, kona za nati zikilika basi na paipu umeipoteza. Nyuma ya masta kwenye busta, lile kopo kubwa linaloongeza nguvu ya mguu, nakuta unyevu kidogo, nafuta, nachungulia ndani ya busta kwa tochi, bahati oili haijaingia.

Dogo ninayefanya naye kazi akaniuliza fundi kwanini usibadilishe raba tu, tukaipasua ya zamani mezani nimwonyeshe. Sehemu ambayo pistoni inatembea kila siku inang'aa, mbele yake kuna kamkanda keusi ka kutu na uchafu, na mdomo wa raba umechanika. Hii inatokea mtu akitoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye breki, kwa kukanyaga pedeli mpaka chini kwenye masta iliyozeeka, raba inapelekwa mahali ambapo haijafika miaka na inachanwa hukohuko. Nikamwambia masta ya zamani ukiipampu weka kipande cha ubao chini ya pedeli.

Saa 4 vipimo. Ya zamani imegongwa 15/16, hiyo ni milimita 23.8, mpya ni 7/8, milimita 22.2. Inaonekana tofauti ndogo lakini eneo la pistoni ndo linahesabika, mpya ni dogo kwa kama asilimia 13, kwa hiyo kwa mguu uleule presha inapanda kama asilimia 15 na pedeli inatembea mbali kidogo. Wengine wanachukua masta kubwa wakidhani kubwa ndo breki kali, inakuwa kinyume, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na gari haisimami.

Halafu kijiti cha busta kinachosukuma pistoni ya masta, hiki watu wanakiruka. Kina cha tundu kijiti kinapoingia kwenye kitako cha masta nikapima kwa vernia kwenye zote mbili, havilingani, nikarekebisha kijiti kibaki na nafasi chini ya milimita moja.

Saa 5 masta iko kwenye jiliwa, nimeibana kwenye sikio lake sio kwenye mwili, silinda ikiminywa imekwisha. Nimefunga vimpira kutoka kwenye matundu vikarudi kwenye kopo la oili, nasukuma pistoni polepole na bisibisi butu mpaka mapovu yaishe. Kama dakika kumi na tano hivi. Ukiifunga kavu utapampu mchana kutwa na hewa itabaki imekaa humo ndani.

Saa 6 mpaka saa 8 paipu. Nimekata mpya mbili za milimita 4.75, za kopa yenye nikeli, zinapinda vizuri na hazishiki kutu. Kabla ya kufleya, yaani kutengeneza mdomo wa paipu, naangalia ile ya zamani mdomo wake ukoje, kuna fleya iliyokunjwa mara mbili na kuna ya kitunguu, ukichanganya itakaza lakini itavuja siku utakayokanyaga kwa nguvu. Nati naziingiza kwa vidole mpaka mwisho ndo spana inafuata.

Saa 8:30 imefungwa, raba ya duara kati ya masta na busta ipo, soketi ya kipimo cha oili nimeirudisha maana ilikuwa inaning'inia tu. Oili DOT 4, chupa mpya, tunaanza tairi ya mbali. Dogo anakanyaga, mi nafungua nipeli, kile kiskrubu cha kutolea hewa, nafunga, ndo anaachia. Pedeli ikapanda, ngumu, nimefurahi kweli.

Saa 9:40 nazungusha tairi za mbele kwa mkono, hazizunguki. Tumekanyaga breki mara kadhaa na zimebana hazitaki kuachia. Nikalegeza nati mbili za masta pale kwenye busta kidogo tu, tairi zikaachia hapohapo. Basi sio kalipa inayobana diski wala hozi, ni kijiti kirefu, kinasukuma pistoni mbele na kuziba katundu ka kurudishia oili. Nilipima lakini ile raba mpya nilihesabu unene wake kabla haijabanwa. Nikafungua, nikapunguza, nikafunga upya, nikatoa upepo tena kuhakikisha. Saa nzima imekwenda ila nisingeiachia gari hivyo, diski zingechemka njiani.

Saa 11 tuko kwenye uwanja mtupu. Kwanza mimi, kilomita 20 kwa saa, halafu 40, dogo amesimama pembeni anaangalia tairi. Mbele zinakamata kwanza, nyuma bado zinazunguka, mkia hauchezi. Nikarudia mara tatu.

Halafu nikamweka dada kwenye usukani. Nimemwambia wazi kwamba nchi nyingi gari iliyozaliwa na ABS inaweza kukataliwa kwenye ukaguzi ikikosa ABS, na bima pia waulize mapema, kama akipata boksi zima ni bora airudishe. Na kwa sasa mguu wake ujifunze upya, maana amezoea kukanyaga na kushikilia. Tairi ikikamata usukani haufanyi kazi. Nikamwambia kanyaga, ukisikia inaburuza legeza kidogo, kanyaga tena. Mara ya kwanza aliganda mguu chini gari ikateleza moja kwa moja. Mara ya tano akalegeza mwenyewe, akakata kona, akasimama.

Saa 12:30 jioni naosha mikono. Kesho asubuhi analeta tena nipitishe kitambaa kikavu kwenye kila kiungo nione kama kuna chochote kimetoa jasho.